Wino Hauongezwi Maji

Swali hili limeshanichosha. Linakuja kwa simu kutoka Mkula, linakuja kwa ujumbe wa sauti kutoka Mang'ula, linaletwa Ifakara na mwenye steshenari aliyeshuka kwenye basi na printa yake ndani ya kiroba: "Fundi, wino niuchanganye na maji kiasi gani unifikishe mwisho wa mwezi?" Hawaulizi kama inafaa. Hilo wameshajijibu, wanachotaka ni kipimo. Basi kipimo ni sifuri. Si maji ya bomba, si ya mto, si maji ya betri, si maji ya sindano kutoka duka la dawa, wala spiriti.

Najua mawazo haya yanatoka wapi. Wageni wakizidi, mchuzi unaongezwa maji na kila mtu anakula. Na ni kweli kwamba sehemu kubwa ya wino wa printa hizi ni maji. Lakini kiwanda kimeshaweka maji yote yanayostahili, na hakikuishia hapo. Ndani yake kuna glikoli inayozuia wino usikaukie kwenye tundu, kuna kemikali inayolegeza tone litoke bila kung'ang'ania, kuna na dawa ya kuzuia kuvu. Ukimimina maji hupunguzi rangi peke yake, umepunguza vyote kwa mpigo mmoja.

Kinachofuata kinategemea printa yako. Printa zenye katriji za HP, na zile za Canon, zinarusha wino kwa joto: kipande kidogo cha umeme kinapashwa zaidi ya nyuzi 300 kwa muda mfupi sana, wino unatoa povu, povu linasukuma tone nje. Chumvi za maji ya kisima zinaungulia palepale na kuganda, na kipande hicho hakina mlango wa kukisugulia. Epson hazitumii joto. Zina kijiwe kinachojikunja kikipata umeme, na mkunjo wake umepimwa kwa uzito wa wino wa kiwandani. Wino ukiwa mwepesi, tone linapasuka kabla ya kufika, herufi zinaota ndevu, na mstari wa jedwali unakuwa kivuli. Wenye spiriti ndio wanaonisikitisha zaidi. Spiriti inakimbia hewani haraka, rangi inabaki imekauka ndani ya matundu membamba kuliko unywele. Kisha printa inaletwa kwangu na maneno yaleyale: "Imeharibika yenyewe."

"Lakini mimi niliongeza na inaprinti." Ndiyo, inaprinti wiki hii. Inaprinti maandishi yaliyopauka, mteja wa barua ya maombi ya kazi ya kiwanda cha sukari analalamika, nawe unaingia kwenye mipangilio na kuchagua ubora wa juu. Ubora wa juu maana yake printa inamwaga matone mengi zaidi kwenye karatasi ileile. Wino uliodhani umeuokoa umeurudisha wote, na maji juu yake.

Tufanye hesabu, maana biashara ni hesabu. Chupa nyeusi ya Epson L3110 au L3250 ina mililita 65, na mtengenezaji anaihesabia kurasa 4,500 za maandishi ya kawaida. Tuseme umeinunua shilingi 30,000. Ukurasa mmoja unakula wino wa shilingi saba hivi. Tuseme rimu ya karatasi 500 ni shilingi 12,000. Karatasi moja tupu ni shilingi 24. Umeona? Karatasi ni ghali kuliko wino uliomo juu yake, zaidi ya mara tatu. Ukichakachua wino kwa asilimia kumi, unaokoa kama senti 70 kwa ukurasa. Karatasi moja ikitoka na mistari ukaitupa, umepoteza shilingi 30. Kwa hiyo ukiharibu moja tu katika kila kurasa 45, faida yote ya maji imekwisha. Na hapo hatujagusa bei ya kichwa kipya cha printa.

Linganisha na katriji. HP 123 nyeusi ya kawaida inahesabiwa kurasa 120 hivi. Tuseme ni shilingi 36,000: ukurasa mmoja ni shilingi 300. Hapo ndipo hela yako inapotelea. Mwenye printa ya katriji anayefanyia biashara hahitaji maji, anahitaji kubadilisha printa.

Swali ambalo hakuna anayeniuliza ni hili: wino unaishia wapi? Sehemu kubwa haifiki kwenye karatasi kwa manufaa ya mtu. Kwanza, kuna picha za simu. Mteja anatuma cheti chake kwa WhatsApp, amekipiga picha jioni, mandhari yote ni ya kijivu. Wewe unaprinti kijivu hicho chote, ukurasa mzima umelowa. Mwingine analeta picha ya skrini yenye mandhari nyeusi na maandishi meupe. Zile kurasa 4,500 zilihesabiwa kwa karatasi ambayo karibu yote ni nyeupe. Pitisha picha kwenye programu ya kuskani ya simu, ing'arishe hadi karatasi iwe nyeupe, picha ya skrini nyeusi igeuze rangi. Ni kazi ya nusu dakika.

Pili, kuna kusafisha kichwa. Kila unapobonyeza amri ya kusafisha, wino unafyonzwa kutoka kwenye rangi zote na kumwagwa kwenye sponji lililo tumboni mwa printa. Watu wanabonyeza mara sita mfululizo, sponji likijaa printa inagoma, halafu wanatukana wino.

Sasa mengine, haraka. Weka rangi ya kijivu na ubora wa rasimu kuwa chaguo la kawaida. Bila hivyo printa nyingi huchanganya rangi zote kupata weusi. Zima printa kwa kitufe chake, usichomoe ukutani, ili kichwa kirudi kwenye kifuniko chake. Bwawa la Kidatu lina uwezo wa kufua megawati 204 hapo jirani, lakini nguzo ikilala kwenye mvua ya Machi printa yako inazimika kichwa kikiwa wazi; tafuta UPS ndogo. Printi ukurasa wenye rangi zote kila wiki, hata kama hakuna mteja. Kabla ya kusafisha, printi jaribio la matundu. Safisha mara mbili, ikigoma iache mpaka kesho. Usiache wino ushuke chini ya mstari wa tenki, hewa ikiingia utalipa kwa wino mwingi kuitoa. Wino wa kampuni nyingine sawa, ila ulioandikwa namba ya printa yako. Chupa ya "printa zote" iache dukani. Mtihani wa shule printi nakala moja, zilizobaki zipeleke kwenye fotokopi. Kama kazi yako ni maandishi matupu kwa wingi, nunua leza, tona haikauki. Habari ya kubadilisha herufi ziwe Garamond, iliyovuma kutoka Marekani mwaka 2014, isikusumbue: herufi zile ni ndogo tu, punguza saizi ya hizo ulizonazo utapata matokeo yaleyale.

La mwisho ni bei. Steshenari nyingi zinatoza ukurasa kwa ukurasa, barua ya mistari kumi sawa na bango la mkutano lililojaa rangi kutoka ukingo hadi ukingo. Bango hilo linakula wino wa barua nyingi. Andika bei mbili ukutani, na mwenye kuleta picha alipe bei ya picha.