Kwa nini mwanachuo alipie kuongea na mtu?

Wiki mbili zilizopita mama mmoja wa Mkalama alitupigia simu baada ya kipindi cha asubuhi kwisha. Hakutaka kwenda hewani. Kijana wake yuko mwaka wa pili chuoni Dodoma, na alikuwa amemtumia ujumbe akiomba shilingi 40,000 za kumlipa mtaalamu wa saikolojia. "Wanangu," akatuuliza, "elfu arobaini za kukaa na kuongea? Si aongee na mimi bure?" Alihofia mambo mawili: ama kijana ametapeliwa, ama kijana ndiye anamtapeli yeye.

Tulimwahidi kuulizia. Na kwa kuwa wazazi wengi mnaotusikiliza mna watoto vyuoni, tumeona tuyaandike hapa.

Tuanze na yanayowakuta huko. Mtoto aliyekuwa wa kwanza kwenye shule ya kata anaingia darasa la watu mia tatu, na wengi wao nao walikuwa wa kwanza walikotoka. Masomo ni kwa Kiingereza, mhadhiri hajui jina lake. Akifeli somo anarudia mtihani, wenyewe wanaita sapu. Matokeo yakishuka chini ya kiwango cha chuo anaondolewa masomoni, yaani amedisko. Neno hilo wanalitaja kwa utani, lakini ndilo linalowanyima usingizi. Fedha ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo, ile bumu, huja kwa awamu, na ikichelewa wapo wanaolala na chai. Chumba kimoja kina anayevaa vizuri na kula nje, na kina anayekopa sabuni.

Kisha kuna sisi wa nyumbani. Tumeuza alizeti, tumechangishana kwenye ukoo, na kila simu tunamuuliza, "Masomo yanaendaje?" Atajibu nini zaidi ya "vizuri"? Hapo ndipo lilipo jibu la swali la yule mama. Kijana anashindwa kumwambia mama kwa sababu ni mama. Aliyeuza magunia ndiye mtu wa mwisho ambaye mtoto anataka kumwambia kwamba ana sapu tatu.

Sasa huyo mtaalamu anafanya nini? Kwa kawaida wanakaa faragha, wao wawili tu, kati ya dakika 45 na saa moja, mara nyingi mara moja kwa wiki. Hatoi mawaidha kama sisi tunavyopenda kutoa. Anauliza na kusikiliza. Njia moja inayotumika sana ilianzishwa Marekani miaka ya 1960 na daktari Aaron Beck. Msingi wake ni huu: wazo linaleta hisia, na hisia inaleta tendo. Kijana amefeli jaribio moja, anajiambia "mimi sina akili, nitadisko tu", anaona aibu, haendi darasani, na mwisho anafeli kweli. Mtaalamu anamsaidia kulikamata lile wazo la kwanza na kulikagua: je, ni kweli? Ushahidi uko wapi? Kisha anampa kazi ndogo ya kufanya wiki hiyo, labda kumwona mhadhiri mmoja tu. Ni kazi ya wiki kadhaa, haiishi siku moja.

Mtaalamu wa saikolojia au mshauri nasaha hatoi dawa. Anayeandika dawa ni daktari, na kwa matatizo haya hasa daktari wa magonjwa ya akili. Sonona ikiwa kali, mgonjwa anaweza kuhitaji vyote viwili.

Yanayosemwa mle ndani ni siri, hata kwa mzazi anayelipa. Hili wazazi wengi hawalipendi, tunajua. Lakini bila siri hiyo kijana hafungui mdomo. Siri huvunjwa pale maisha yake au ya mtu mwingine yanapokuwa hatarini.

Vyuo vikuu vikubwa vina ofisi ya mshauri wa wanafunzi, na huduma ya ushauri nasaha kwa kawaida haina malipo. Mwanenu aanzie huko. Wengine hukwepa kwa kuogopa kuonekana na wenzao, hasa Dodoma, mji ambao jina la Hospitali ya Mirembe limegeuzwa tusi la mtaani. Ndiyo maana wanamtafuta mtu binafsi, nje ya chuo au kwa simu. Bei hazifanani. Kabla ya kutuma hela, kijana aulize mtaalamu amesomea wapi na amesomea nini, na kama malipo yanaweza kupunguzwa kwa mwanafunzi. Anayeahidi kuponya kwa siku moja, au anayedai fedha yote mapema, tungemkimbia.

Kuna dalili ambazo hazisubiri miadi. Mtoto akisema ni bora asingekuwepo, akiaga kwa namna isiyo ya kawaida, au akigawa vitu vyake, asiachwe peke yake. Mpigie rafiki yake wa chumbani akae naye, na apelekwe hospitali iliyo karibu siku hiyohiyo. Msimgombeze, na msimwambie anaiaibisha familia. Kumuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi kunampa nafasi ya kusema.

Jumamosi tulimpigia tena yule mama. Alikuwa ametuma elfu ishirini, nyingine akiuza kuku. Alituambia kwamba safari hii alipoongea na mwanawe hakuuliza habari za masomo. Aliuliza, "Umekula nini leo?" Kijana alinyamaza kidogo, kisha wakaongea mpaka salio likaisha.