Utumbo ukikatwa, unaungwa na nini?

Mwaka jana mjomba aliondolewa kipande cha utumbo mpana kilichokuwa na uvimbe. Mimi niliyeacha chuo katikati nikabaki kwa benchi ya hospitali na swali moja: hizo ncha mbili zilizobaki zinaunganishwa na nini? Gundi?

Kumbe njia kuu ni mbili. Ya kwanza ni sindano na uzi. Mnamo 1826, Mfaransa Antoine Lembert alionyesha jinsi ya kushona ili utando wa nje wa ncha moja ugusane na wa nyingine, na mshono wake bado unatumika.

Ya pili ni stepla. Si mzaha! Inapiga pini ndogo za titaniamu kwa duara huku kisu kilicho ndani yake kikifungua njia katikati. Kiungo kikiwa chini kabisa kwenye nyonga, ambako mkono haufiki vizuri, stepla huingizwa kupitia njia ya haja kubwa.

Sasa, umeona fundi wa pancha akizamisha tyubu kwenye karai akitafuta mapovu? Madaktari nao hufanya hivyo. Wanajaza maji nyongani, wanapuliza hewa kutoka chini, wanaangalia. Mapovu yakitokea, wanarekebisha.

Lakini mazee, hata kiungo kilichopita mtihani huo kinaweza kuvuja siku kadhaa baadaye. Uwe uzi au stepla, ncha zisipopata damu ya kutosha, au zikiwa zimevutwa sana, haziponi vizuri. Ndiyo maana wengine huwekewa mfuko wa kinyesi tumboni kwa muda, kiungo kipumzike.

Siku ya sita, akiwa tayari nyumbani, mjomba alishikwa na homa. "Ni baridi tu," akasema. Tumbo lilikuwa limefura na maumivu yanazidi. Mkewe hakubishana naye. Aliita teksi usiku huo huo. Kiungo kilikuwa kinavuja. Akapasuliwa tena, akatoka na mfuko. Miezi baadaye ukaondolewa, na sasa anapiga ugali kama kawaida.

Kwa hivyo mtu wako akienda kupasuliwa, uliza: mtamuunga vipi? Atawekewa mfuko? Tukiona nini turudi mbio? Na akipata homa, tumbo likifura au moyo ukienda mbio, usingoje asubuhi.