Mgomba Mfupi Kibanjani: Unachoweza na Usichoweza

Mvua za vuli zinapokaribia, kaya nyingi za Karagwe na Kyerwa huanza kutafuta machipukizi ya kujazia nafasi zilizo wazi kibanjani, na mengi yanayoulizwa siku hizi ni ya migomba mifupi. Sababu yake haihitaji maelezo marefu kwa mtu aliyewahi kuamka asubuhi baada ya upepo wa usiku na kuukuta mgomba wa Nshakara umelala chini na mkungu wake haujakomaa. Mgomba mrefu wenye mkungu mzito hutaka nguzo, nguzo hutaka fedha au msitu wa karibu, na kuisimika hutaka mikono yenye nguvu. Mzee anayeishi peke yake, au mama mwenye watoto wadogo, mara nyingi hana hata kimoja kati ya hivyo.

Jina "mgomba mfupi" hata hivyo linatumika kwa mimea isiyofanana. Ulio mfupi kweli ni ule wa jamii ya Cavendish, ambao hufikia kimo cha mita 2 hivi na kuzaa ndizi za kuivisha. Jina hilo ni la ukoo wa kitajiri wa Uingereza: katika miaka ya 1830 mtunza bustani Joseph Paxton aliukuza mgomba huo ndani ya nyumba ya vioo kwa ajili ya bwana wake, baada ya mche kufika huko kutoka Morisi. Ni jina kubwa kwa mgomba ambao mkungu wake mbuzi anaweza kuufikia.

Kundi la pili ni la migomba iliyozalishwa na watafiti wa Honduras na kupewa herufi FHIA, ambayo wakulima wa Kagera waliifahamu kupitia mradi wa KCDP, uliofadhiliwa na Ubelgiji mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. FHIA 17 na FHIA 23 zina asili ya Highgate, mgomba wa kimo cha wastani uliopatikana Jamaika kutokana na Gros Michel ambao ni mrefu. Hazilingani na Cavendish kwa ufupi, lakini shina lake ni nene na hustahimili upepo, na mkungu wa FHIA 17 uliotunzwa vizuri unaweza kuzidi kilo 40.

Tofauti hiyo ina uzito katika wilaya hizi mbili kuliko mahali pengine. Sehemu kubwa ya Karagwe na Kyerwa iko juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na vilima vingi hupita mita 1,500. Cavendish fupi haipendi baridi. Inapokutana na baridi au ukame wakati wa kuchanua, mkungu hukwama kooni mwa mgomba, chane hubanana, na ndizi hutoka ndogo na zilizopinda. Aidha, majani yake hushambuliwa kwa urahisi na sigatoka nyeusi, ilhali FHIA 17 huistahimili vizuri zaidi. Kwa hiyo mwenye nafasi ya mgomba mmoja au miwili karibu na nyumba atafanya vyema kuchagua FHIA 17, na Cavendish aipe sehemu iliyokingwa na upepo na yenye unyevu wa kudumu, kama pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa.

Jambo moja lisifichwe: FHIA 17 ikipikwa huwa laini mno, na mlaji wa Karagwe hataichanganya na Nshakara wala Nchoncho. Katika nyumba ambayo matoke ndicho chakula cha kila siku, hilo si jambo dogo. Mgomba mfupi ni wa kuongeza ndizi za kuivisha, za watoto na za kuuza. Hakuna sababu ya kung'oa migomba ya asili ili kuupisha.

Kosa la hatari zaidi ni kudhani kwamba mgomba mgumu ni mgomba usiougua. Mnyauko bakteria, uliogunduliwa Muleba mwaka 2006 na baadaye kuenea katika wilaya nyingine za Kagera, haubagui mgomba mfupi na mrefu. Majani hugeuka manjano na kunyauka kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto, ndizi huiva kabla ya wakati na nyama yake huwa na madoa ya kahawia, na shina likikatwa hutoa utomvu wa manjano. Aina zote zilizotajwa hapa, za kigeni na za asili, hupata ugonjwa huo.

Hata hivyo, ufupi una faida ambayo husahauliwa. Wadudu hubeba vimelea hivyo kutoka ua dume la mgomba mmoja hadi la mwingine, na kinga iliyo rahisi kuliko zote ni kuliondoa ua hilo mara tu chane ya mwisho inapojitokeza. Huvunjwa kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, kwa kuwa panga hubeba ugonjwa. Kwa mgomba mrefu, kazi hiyo hudai mti mrefu na shingo iliyoinuliwa, na ndiyo maana huahirishwa hadi ikasahauliwa. Kwa mgomba mfupi, bibi wa miaka sabini huifanya akiwa amesimama. Lakini kwa sababu hiyo hiyo ya ufupi, mbuzi na ng'ombe hufikia majani na mkungu, na mnyama aliyetafuna mgomba mgonjwa huweza kuupeleka ugonjwa kwenye mzima. Mifugo ifungwe au izungushiwe uzio.

Panga na kisu navyo vipitishwe kwenye moto hadi chuma kiwe cha moto sana, au vichovywe kwenye dawa ya kuondolea madoa ya nguo, kabla ya kuhama kutoka shina moja kwenda jingine.

Kisha kuna suala la chipukizi lenyewe. Kuombana machipukizi ni desturi njema ya ujirani, na hakuna anayeitaka ife. Lakini chipukizi lenye mnyauko linaweza kuonekana zima kabisa siku linapotolewa. Kwa hiyo anayeomba asitazame chipukizi pekee, atembee kibanja chote linakotoka; akiona hata shina moja lililonyauka, ashukuru na kurudi mikono mitupu. Hadhari hiyo iongezeke kwa wakazi wa mpakani Kyerwa. Katika nchi jirani za Rwanda na Burundi kuna ugonjwa wa virusi, unaoenezwa na vidukari na machipukizi, ambao hudumaza mgomba na kufumbata majani membamba yaliyosimama kileleni. Mtu asiyeufahamu anaweza kuuziwa mgomba uliodumaa akiamini kwamba ni wa aina fupi. Aina fupi ya kweli huwa na shina nene na majani mapana yaliyotanuka.

Chipukizi bora ni lenye majani membamba kama upanga. Mizizi yote ikatwe, tunguu limenywe hadi libaki jeupe, kisha litumbukizwe katika maji yanayochemka kwa sekunde 30 ili kuua minyoo ya mizizi na mayai ya fukusi. Maji hayo hayaponyi mnyauko. Shimo liwe la sentimita 60 kila upande, lenye madebe mawili ya samadi iliyooza, na nafasi ya mita 3 itoshe kutoka shimo hadi shimo, au mita 2.5 kwa Cavendish. Matandazo yaachwe futi moja kutoka shinani, kwani yakigusa shina huwa maficho ya fukusi. Kila shina libaki na mama, binti na mjukuu tu.

Dalili za mnyauko zikijitokeza, shina gonjwa pekee likatwe usawa wa udongo kwa panga lililosafishwa, na zoezi hilo lirudiwe kila shina jingine linapoonyesha dalili. Ofisa ugani wa kata aarifiwe siku hiyo hiyo, na majirani pia, kwa sababu kibanja kimoja kilichoachwa hurudisha ugonjwa kwa vyote vinavyokizunguka. Mabaki ya shina hilo yasipewe mbuzi, na majani yake yasifungie mikungu inayopelekwa sokoni.