Nyuzi za Polianilini Zinavyojijenga Zenyewe

Polianilini ni plastiki inayopitisha umeme. Hutokana na molekuli za anilini zinapounganishwa kuwa mnyororo mrefu, na ikiwa imeloweshwa asidi huwa ya kijani na hupitisha umeme vizuri. Ni ndugu wa poliasetilini, polima iliyowapatia Alan Heeger, Alan MacDiarmid na Hideki Shirakawa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2000.

Kwa njia ya kawaida, anilini huyeyushwa katika maji yenye asidi, kisha huongezwa polepole kioksidishi, kemikali inayosababisha molekuli ziungane, huku mchanganyiko ukikorogwa. Kinachopatikana ni unga wa chembe zilizogandamana. Ili kupata nyuzi nyembamba, ilibidi polima ikuzwe ndani ya vitundu vya utando, yaani kalibu, kisha kalibu hiyo iyeyushwe. Kazi hiyo ni ndefu na mazao yake ni haba.

Mwaka 2003 Jiaxing Huang, Richard Kaner na wenzao mjini Los Angeles walionyesha njia isiyohitaji kalibu. Anilini huyeyushwa katika toluini, kioksidishi katika maji yenye asidi, na vimiminika hivyo huwekwa katika chupa moja bila kutikiswa. Toluini hukaa juu, maji chini. Baada ya dakika chache rangi ya kijani hutokea pale vinapokutana, kisha hushuka taratibu mpaka maji yote yakolee, kwa sababu polianilini yenye asidi hupenda maji kuliko toluini. Kijani hicho ni nyuzi tupu. Zikitengenezwa kwa asidi ya haidrokloriki, unene wake ni kama nanomita 30.

Jambo zito zaidi lilijitokeza baadaye: hata katika njia ya kawaida, nyuzi ndizo hutangulia. Huharibika kwa sababu anilini inayoendelea kuongezwa hujenga tabaka jipya juu yake, na kukoroga huzigandamanisha. Katika chupa ya matabaka mawili, nyuzi huhamia majini zikaepuka kufunikwa hivyo. Hivyo hata toluini si lazima. Inatosha kumimina kioksidishi chote kwa mkupuo, kuchanganya haraka, kisha kuacha mchanganyiko utulie. Malighafi hutumika zote kwa pamoja na hakuna kinachobaki cha kunenepesha nyuzi.

Wembamba huo una faida kubwa katika vitambuzi vya gesi. Amonia huzinyang'anya nyuzi protoni zilizotokana na asidi, na ukinzani wake wa umeme hupanda. Mvuke wa asidi hufanya kinyume. Gesi hupenya uzi mwembamba upesi, kwa hiyo utando wa nyuzi hizi huitikia haraka kuliko utando wa polianilini ya kawaida.