NENO LIFIKE ZIMA: KUTAFUTA PROGRAMU ZA KUBANA SAUTI

Walukuba ni mtaa uliozoea sauti za kila namna. Ulijengwa zama za ukoloni kuwa makazi ya wafanyakazi wa Jinja, mji uliopata nguvu mpya ya viwanda baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954. Watu wa makabila mengi walikutana hapo, na Kiswahili kikawa daraja lao, kama kilivyokuwa daraja katika kambi za jeshi na vituo vya polisi. Jirani na mtaa huo ipo Masese, gati la mashua na wavuvi wa ziwa kuu.

Tuchukue mfano, ndugu askari. Mashua ya doria ipo majini usiku, injini inanguruma, na koplo anasema katika redio: "Wamevuka." Kituoni mpokeaji anaandika: "Wamezuka." Herufi moja tu imebadilika. Lakini neno la kwanza lingewapeleka askari ng'ambo ya pili, na la pili lingewafanya wajibanze hapo walipo. Katika kazi yetu, herufi moja yaweza kuwa roho ya mtu. Ndiyo sababu leo tunazungumzia jambo ambalo wengi hudhani ni la mafundi peke yao: jinsi sauti inavyobanwa ndani ya redio za kisasa, na jinsi ya kutafuta programu iliyo bora ya kuibana.

SAUTI HUBANWAJE

Redio ya zamani ilipeleka sauti kama ilivyo, kwa mawimbi. Redio ya kisasa huipima sauti kwanza na kuigeuza kuwa tarakimu. Katika simu ya kawaida sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 8. Jumla ni biti 64,000 kila sekunde. Huo ni mzigo mkubwa kwa njia nyembamba ya redio. Basi ndani ya chombo huwekwa chipu ndogo ya kuchakata sauti, na ndani ya chipu huwekwa programu iitwayo kodeki, ambayo kazi yake ni kubana sauti upande mmoja na kuikunjua upande wa pili.

Kodeki ya maneno haibani kama mtu afungaye mzigo kwa kamba. Humchunguza msemaji: koo lake linatetema kwa kasi gani, kinywa kimekaa namna gani, pumzi ina nguvu kiasi gani. Hupeleka maelezo hayo machache tu, na upande wa pili chipu nyingine huiunda sauti upya. Kampuni ya Texas Instruments ilitumia njia ya jamii hiyo mwaka 1978 katika Speak & Spell, chombo cha kuwafundisha watoto tahajia, na mwaka 1983 ikatoa sokoni chipu ya TMS32010, mama wa ukoo mkubwa wa chipu za kuchakata ishara.

Uganda nayo imeonja matunda ya elimu hiyo. Simu za mkononi zilipoingia nchini, Celtel mwaka 1995 na MTN mwaka 1998, sauti zetu zilianza kusafiri zikiwa zimebanwa. Kodeki ya kwanza ya mtambo wa GSM hukata maneno vipande vya sehemu 20 za elfu za sekunde, na kila kipande hukiandika kwa biti 260. Vipande 50 kwa sekunde hufanya biti 13,000, yaani kama moja ya tano ya mzigo wa awali.

MASWALI MANNE

Fundi atakaye kutengeneza chombo chake, mathalani kinasa sauti cha doria au redio ya mashua, asianze kwa kuuliza kodeki ipi ni maarufu. Na ajiulize maswali manne.

La kwanza: njia yake inabeba biti ngapi? Kama njia ni pana, ipo Opus, iliyopitishwa kuwa kanuni ya intaneti mwaka 2012, ambayo hufanya kazi kuanzia biti 6,000 kwa sekunde hadi 510,000, kwa maneno na kwa muziki pia. Kama njia ni nyembamba mno, ipo Codec 2, kazi ya mhandisi David Rowe wa Australia, ambayo hushuka kutoka biti 3,200 hadi 700 kwa sekunde. Kwa biti 3,200, saa nzima ya maneno huchukua baiti milioni 1.44, badala ya milioni 28.8 za sauti ya simu isiyobanwa zaidi.

La pili: chipu yake ina uwezo gani? Hapa ndipo wengi hujikwaa. Chipu nyingi za bei nafuu hufanya hesabu za namba nzima tu. Ukizipa programu iliyoandikwa kwa hesabu za desimali, zitachelewa na sauti itakatika-katika. Programu ya Speex, ingawa watungaji wake sasa huwashauri watu watumie Opus, iliandikwa pia kwa namba nzima, na ilitayarishiwa chipu za Texas Instruments na za Blackfin. Opus nayo ina njia ya namba nzima. Codec 2 hutegemea hesabu za desimali, na imethibitika kufanya kazi katika chipu ya STM32F4, iliyotumika ndani ya chombo kidogo kiitwacho SM1000 cha wapenzi wa redio.

La tatu: leseni inasemaje? Redio nyingi za kidijitali za kazi hutumia kodeki za ukoo wa AMBE, mali ya kampuni ya DVSI ya Marekani. Anayezitaka hununua chipu yao au hulipia haki ya kutumia. Majeshi ya NATO yana MELPe, ya biti 2,400, 1,200 na 600. Lakini Opus, Speex na Codec 2 hutolewa bure, na matini yake yote yaweza kusomwa na kurekebishwa kwa masharti ya leseni zake. Umoja wa kimataifa wa mawasiliano, ITU, nao hutoa matini ya kodeki zake za kanuni. Kitu cha bure si lazima kiwe dhaifu. Na kilicho wazi kina faida moja kubwa, kwamba fundi wa Jinja aweza kukifungua, akaona kilichomo, akakitengeneza bila kungoja mgeni.

La nne, nalo ndilo kubwa: je, kodeki hiyo inatusikia sisi? Mlio wa "s" na "z" una nguvu zake nyingi juu ya mtetemo 4,000 kwa sekunde, na njia ya simu hukata karibu na 3,400. Hivyo "z" hubaki kivuli, ikafanana na "v". Ongeza ngurumo ya injini, ambayo huzichanganya kodeki za biti chache kwa kuwa zinatazamia sauti ya mtu mmoja tu, utaona "wamevuka" ikigeuka "wamezuka". Kwa hiyo chombo kisijaribiwe ofisini tu kwa Kiingereza cha polepole. Kijaribiwe majini, injini ikiwaka, kwa Kiswahili na Kisoga, kwa sauti ya mwanamume na ya mwanamke, kwa majina ya mahali na kwa namba za magari. Mpokeaji aandike alichosikia, kisha ihesabiwe alikosea mara ngapi.

KUBANA SI KUFICHA

Lipo kosa moja ambalo hatuna budi kulionya. Askari asikiaye mlio mgeni wa redio ya kidijitali aweza kudhani kwamba maneno yake yamefichika. La hasha! Kodeki hupunguza mzigo, haifungi mlango. Yeyote aliye na programu ile ile na chombo cha kupokea ataweza kuyakunjua maneno hayo. Usiri huletwa na ufunguo wa siri, ambao ni kazi nyingine kabisa, nao huwekwa baada ya sauti kubanwa.

Mwisho, tusiitegemee chipu kwa jambo ambalo nidhamu yetu yaweza kulitenda. Desturi ya kurudia amri, ya kutaja namba tarakimu baada ya tarakimu, na ya kuchagua maneno yasiyofanana ilikuwapo kabla ya chipu, na haijapitwa na wakati. Koplo wetu wa Masese angesema, "Wamevuka, wapo ng'ambo," na kituo kingejibu, "Wapo ng'ambo, nimepata," hata kodeki mbovu isingewapoteza. Fundi na atafute programu njema; askari na aseme maneno yasiyo na pacha. Hapo neno litafika zima.