Otsu: ziwa linalovuta pumzi mara moja kwa mwaka

Ukifika Otsu, Japani, utaelekezwa kwanza bustani ya Nagisa, iliyonyooka kando ya Ziwa Biwa. Nenda tu, inapendeza, hasa usiku bandarini, mabomba yaliyopangwa mita 440 yanaporusha maji yenye taa. Ila hapo unatazama upande wa kusini, ambao wastani wa kina chake ni kama mita 4. Yaani ziwa lenyewe bado hujaliona.

Panda treni ya Kosei kwenda kaskazini, ushuke Omi-Maiko. Bado uko ndani ya Otsu. Kuna mchanga mweupe, misonobari, na mbele yako ndilo ziwa kubwa, ambalo kina chake kinafika mita 104.

Wakati wa joto watu huogelea hapa. Ukizama kidogo utahisi: kifuani vuguvugu, miguuni baridi. Maji ya moto ni mepesi, hivyo hukaa juu ya yale ya baridi kama mafuta juu ya mchuzi. Hali hiyo hudumu miezi, na kule chini bakteria wanaoozesha mabaki wanamaliza oksijeni bila nyingine kuingia. Kinachookoa ni majira ya baridi. Maji ya juu yanapoa, yanakuwa mazito, yanazama na oksijeni yake hadi sakafuni. Wajapani huita tukio hili pumzi ndefu ya Biwa.

Sasa, mwanzoni mwa 2019 baridi haikutosha. Maji hayakuchanganyika mpaka chini, mara ya kwanza tangu upimaji uanze 1979. Mwaka 2020 ikawa hivyo hivyo. 2021 pumzi ikarudi. Wanaoumia kwanza ni viumbe wa kilindini, kama isaza, kisamaki kisichopatikana pengine popote duniani, ambacho hushinda huko mchana kutwa.

Najua mtu wa Kigoma atauliza: mbona Tanganyika halichanganyiki mpaka chini, na samaki tunakula? Kweli, lakini samaki wake wanaishi tabaka la juu. Kilindini hakuna oksijeni tangu enzi na enzi. Isaza hana mazoea hayo.

Ukipata nafasi, nenda Februari. Ufuo utakuwa mtupu na baridi itakung'ata masikio, lakini ndio msimu ambao maji yaliyo mbele yako yanashuka.