TUSINUNUE GARI LILILOPASHWA MOTO



Wenzetu wengi viwandani na mashambani huchanga fedha, au hukopa katika chama cha akiba na mikopo, ili wanunue gari la pamoja. Wengi hupenda stesheni wagoni ya dizeli iliyokwisha kutumika, kwa sababu hubeba watu na mizigo na haili mafuta mengi. Jambo hilo ni jema. Lakini mkopo hukatwa katika mshahara kila mwezi, gari liende lisiende. Kwa hiyo yafaa tujue namna ya kulipima kabla ya kutoa fedha.

Mimi na wenzangu 4 tulipata kununua gari la namna hiyo. Tulifika kwa muuzaji saa nne asubuhi, tukalikuta linanguruma tayari. Akasema ameliwasha mapema ili asitucheleweshe, nasi tukamshukuru. Kesho yake alfajiri halikuwaka mpaka tulipolisukuma. Wiki ya pili lilichemka mlimani. Tulikatwa mshahara miezi 18, na gari liko juu ya mawe.

Kwa nini halikuwaka? Injini ya petroli huwashwa na cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Pistoni huibana hewa mpaka ibaki kama sehemu 1 kwa 20 ya ilivyokuwa, na kwa kubanwa hivyo hewa hupata joto la kupita digrii 500. Hapo nozeli hunyunyiza dizeli, nayo huwaka yenyewe. Ringi na silinda zikilika, hewa huvuja, joto halitoshi, na injini baridi hukataa kuwaka. Ikisha kupata moto huwaka upesi, na ugonjwa hufichika. Hita plagi zikifa huleta dalili hiyo hiyo, ingawa kuzibadilisha si gharama kubwa kama kufungua injini. Fundi hutofautisha mambo haya mawili kwa kupima mbano wa kila silinda.

Basi, kwanza, mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Ufikapo, gusa injini. Ikiwa ina moto, rudi siku nyingine.

Pili, tazama moshi. Moshi mweusi usiokoma ni dizeli isiyoungua vizuri: huenda nozeli au pampu ni mbovu, au chujio la hewa limeziba. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikiwa na moto, huku maji ya rejeta yanapungua, waonyesha kwamba huenda maji yanaingia ndani ya silinda.

Tatu, chunguza maji na mkanda. Chukua mfano wa injini ya Toyota iitwayo 2C, ya lita 2, iliyotiwa katika stesheni wagoni kama Caldina iliyoanza kuuzwa 1992. Haili mafuta mengi, lakini kichwa chake cha silinda ni cha aluminiamu, na ikichemka sana kichwa huweza kupinda au kupasuka. Tena ina mkanda wa taimingi ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000. Mkanda ukikatika njiani, pistoni hugonga vali. Muuzaji asiyeweza kuonyesha ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haukubadilishwa, upunguze bei. Fungua rejeta injini ikiwa baridi tu: maji yasiwe na mafuta juu yake. Tazama na oili: ikiwa kama uji wa maziwa, acha gari hilo. Kisha lijaze watu, lipande mlima nusu saa, na jicho lisitoke kwenye geji ya joto.

Nne, usiiamini mita ya kilomita peke yake, maana huweza kurudishwa nyuma. Pedali zilizolika na springi za nyuma zilizolala husema zaidi.

Tena tusinunue jina. Peugeot 504 ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na watu wengi wakanunua 504 yoyote kwa sifa hiyo. Lakini magari yale yaliyoshinda yalikuwa ya petroli, si stesheni wagoni ya dizeli iliyobeba magunia miaka 10. Sifa ya jina haiponyi injini iliyochoka.

Mwisho, nendeni na fundi wenu, si fundi wa muuzaji, mkamlipe ujira wake hata akiwaambia msinunue. Ujira wa siku moja ni mdogo kuliko makato ya miezi 18. Majina na namba katika kadi ya gari yalingane na yaliyo kwenye injini na chesesi, na mapatano yaandikwe mbele ya mashahidi. Muuzaji akikataa gari lipimwe, amekwisha kuwajibu.